Guta la Yumma kwenye Njia ya Reli ya Zamani

Nilijifunza kuendesha baiskeli nikiwa na miaka thelathini na sita, kwenye lami mpya ya Al Wukair, nje kidogo ya Doha, abaya nimeikunja na kuifunga kiunoni juu ya suruali ya michezo, huku bibi mmoja wa Kiqatari akinitazama kutoka kwenye gari lililofunguliwa mlango. Miaka ile huko Al Wukair barabara zilikuwa zimetangulia nyumba. Taa za barabarani zilikuwepo, vibao vya mitaa vilikuwepo, hata matuta ya kupunguza mwendo yalikuwepo, lakini watu walikuwa hawajahamia. Ijumaa asubuhi hapakuwa na wa kumgonga isipokuwa paka.

Bibi huyo ndiye niliyekuwa nikimtunza. Niliondoka kwetu Lushoto, kwenye milima ya Usambara, katikati ya miaka ya elfu mbili, nikaenda Doha kufanya kazi za ndani. Baada ya kuhangaika kidogo nikapata nyumba ya mtaa wa Muaither, na humo nikakaa. Mwenye nyumba sisi wafanyakazi tulimwita Baba, ingawa mimi na yeye tulikuwa karibu rika moja. Kazi yangu ilikuwa mama yake. Wanawe na wajukuu walimwita Yumma, ndivyo wanavyosema "mama" huko, na yeye mwenyewe aliniambia nimwite hivyo hivyo.

"Ukiniita Madam," alisema, "nitadhani unamwita mke wa mwanangu."

Kiarabu nilichokwenda nacho kilikuwa cha chuoni, cha kusoma Kurani bila kujua maana. Yumma ndiye aliyenifundisha cha kuongea. Alinifundisha akiwa jikoni, akionyesha kitu kwa kijiko na kunitaka nikitaje, na nikikosea alikuwa haniambii kosa, ananiletea kitu kingine halafu anarudi kwenye kile kile. Miaka ile ya mwanzo alikuwa anatembea mwenyewe, anafuga kuku uani, na wageni wake walijaa kila alasiri.

Kisha akateleza mlangoni pa bafu akavunjika nyonga. Madaktari waliunga mfupa, na mfupa ukashika, lakini kutembea hakukurudi. Aliweza hatua chache tu kwa kushikilia fremu ya kutembelea, mengine yote yalikuwa ya kiti cha magurudumu. Kilichoniuma mimi hakikuwa mguu wake bali namna alivyojifungia. Hakutaka wageni wamwone kwenye kile kiti. Wakija aliniambia niseme amelala. Mapazia alitaka yafungwe mchana, na kuku akawagawa.

Kila kiangazi, joto la Doha linapokuwa halivumiliki, Baba alikuwa akikodi nyumba milimani, Austria, na familia nzima ilikwenda huko. Yumma hakuwa amewahi kukubali kwenda. Mwaka uliofuata ule wa kuvunjika kwake, Baba hakumuuliza. Alikata tiketi, yake na yangu.

Tulifika jioni mvua ikinyesha, sikuona kitu. Asubuhi nilipofungua dirisha, baridi ikanigusa usoni, harufu ya majani mabichi yaliyokatwa ikaingia, na mbele yangu kulikuwa na mlima uliofunikwa na ukungu kuanzia kiunoni. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikalia kidogo. Hakuna kilichonisikitisha. Uso wangu tu ulikuwa haujapata baridi ya aina ile kwa miaka mingi, na nilikuwa nimesahau kwamba naihitaji.

Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na njia iliyotiwa lami, pana kiasi cha gari moja, na haikuwa na mpando mkali hata mmoja. Niliishangaa, maana njia za milimani ninazozijua mimi zinapanda kama ngazi. Baba ndiye aliyenieleza. Zamani hapo palipita reli. Treni ilikuwa ikibeba magogo na watu kutoka kijiji hadi kijiji, mpaka ikafika wakati haikuhitajika tena. Waling'oa reli na mataruma, wakatia lami, wakawaachia watu wa miguu na wa baiskeli. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo waliojenga reli ile walikuwa wameuzunguka mlima polepole, wakatoboa handaki palipokuwa na jabali na kujenga daraja palipokuwa na bonde. Sisi tuliokuja baadaye tulikuta taabu yote imeshamalizwa na wengine.

Nikaenda kwa Yumma.

"Nyuma hapa kuna njia inayofaa kiti chako," nikamwambia.

"Sitaki watu wanitazame."

"Hapa hawatujui, Yumma. Watatutazama kama wanavyotazama ng'ombe."

Alinigeuzia uso. Nikadhani nimemkosea adabu. Kisha akauliza, "Ng'ombe wenyewe wako wapi?"

Basi tukatoka kwenda kuona ng'ombe. Walikuwa karibu, wamefungwa kengele shingoni, na Yumma akawatazama muda mrefu akisema huyu kanenepa, yule ana mimba. Kesho yake akataka tena. Kila siku tulisogea mbele kidogo, mpaka tukafika daraja la kwanza, la chuma, lililovuka mto wenye maji meupe kama yaliyotiwa maziwa. Hapo mikono yangu iligoma. Kiti kilikuwa kizito, na safari ya kurudi ilikuwa bado. Kutoka darajani mtu aliweza kuona mdomo wa handaki, na waendesha baiskeli wakichomoza kutoka humo, nyuso zao zimepoa, wanaongea kwa sauti kubwa kama watu waliotoka harusini.

"Upande ule kuna nini?" Yumma aliniuliza.

"Sijui."

"Mimi pia sijui," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye jambo hilo limemkera.

Siku moja akatupita mzee akiendesha kitu ambacho, kama ningekiona Tanga, ningekiita guta: magurudumu mawili mbele, moja nyuma, ila mahali pa kubebea mizigo palikuwa na kiti kizuri chenye mkanda, na kwenye kiti kile alikaa mkewe, shali mabegani, mikono imetulia mapajani. Yumma aliwafuata kwa macho mpaka wakaingia handakini.

Jioni ile alimwambia mwanawe anataka guta kama lile. Baba alicheka kwanza, halafu akaona mama yake hacheki. Akasema mifupa ya Yumma sasa ni kama biskuti. Akasema kama ni lazima, basi atamwendesha yeye mwenyewe.

"Wewe utapokea simu katikati ya daraja," Yumma akamjibu. Akaninyooshea kidole. "Huyu."

Baiskeli zilikodishwa kwenye jengo la stesheni ya zamani, bado na saa yake kubwa ukutani. Mwenye duka alinitazama nguo zangu, kisha akauliza kwa Kiingereza kama najua kuendesha baiskeli. Nikasema sijui. Akatikisa kichwa kwa upole, akaeleza kwamba kile chombo hampi mtu asiyezoea, hasa kikiwa na mgonjwa. Baba alimshukuru kwa furaha ambayo hakuificha vizuri.

Garini Yumma alikaa nami nyuma. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza, "Kwa nini hujui?"

"Kwetu ni milima mitupu, Yumma. Na baiskeli zilikuwa za wanaume, za kubebea kabichi."

"Nenda kajifunze. Mwakani tutarudi."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta Al Wukair.

Aliyenifundisha alikuwa dereva wa nyumba, Mkenya wa Kisumu. Kabla ya kuja Doha, na kabla ya kujua gari, alikuwa bodaboda wa baiskeli, anabeba abiria kwenye keria iliyotiwa mto. Alikuwa na baiskeli yake kuukuu aliyoendea dukani. Nilipomweleza shida yangu hakucheka hata kidogo.

"Wewe ni mwepesi, dada," alisema. "Mimi nimebeba wamama wako na gunia la omena, zile dagaa. Wewe nitakushika na mkono moja."

Tulisubiri joto lipungue. Mimi na dereva hatungeweza kutoka wawili peke yetu Ijumaa asubuhi, na sisi wenyewe tusingetaka maneno, kwa hiyo Yumma akaamua kuja. Yule aliyekuwa hataki kuonekana hata na jirani yake alikubali kuingizwa garini, kiti kikakunjwa nyuma, baiskeli ikafungwa juu. Tulikwenda huko tulikojua hakuna watu. Dereva aliegesha, akafungua mlango wa upande wa Yumma, akamwekea chupa ya gahwa, kahawa yao ya iliki, pembeni, na somo likaanza.

Mwanzoni nilikuwa natazama gurudumu la mbele kana kwamba litatoroka.

"Usiangalie hapo," dereva alisema huku akikimbia nyuma, kashika kiti. "Angalia kule mbali, kwa ile taa. Macho ikienda, baiskeli inafuata. Na wacha kushika breki kila saa."

"Acha," nilimsahihisha, nikihema.

"Sawa, acha. Lakini wacha."

Nilianguka mara nyingi. Kuna mara moja niliingia kwenye mchanga uliomwagwa kando ya nyumba inayojengwa, baiskeli ikasimama ghafla mimi nikaendelea, nikatua kwa magoti na viganja. Dereva alikuja mbio. Kabla hajanifikia nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja. Yumma alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa pembe ya shela, akatazama tena pale nilipokaa na mchanga kichwani, akaanza upya. Tangu alipovunjika nyonga sikuwa nimemsikia akicheka. Goti lilikuwa linaniwaka moto, lakini nilikaa pale chini kwa muda zaidi ya uliohitajika, ili asinyamaze.

Siku niliyoweza, sikujua kwamba nimeweza. Nilikuwa natazama ile taa ya mbali nikisikia viatu vya dereva nyuma yangu, halafu nikaona sivisikii tena. Nikamwita. Sauti yake ikatoka mbali sana.

"Nimekuwachilia kitambo, dada. Kanyaga tu."

Nikakanyaga. Upepo ulipita masikioni, barabara ikawa inakuja yenyewe. Sikujua kugeuka, basi nikaenda mpaka lami ilipoishia, nikashuka, nikaigeuza baiskeli kwa mikono, nikapanda tena. Nilipofika garini Yumma alikuwa amenyoosha mkono nje, na ndani ya mkono huo kulikuwa na tende.

Tuliendelea Ijumaa nyingi kipindi chote cha baridi, mpaka nikajua kugeuka, kusimama bila kuruka chini, kuendesha kwa mkono mmoja. Nilimuuliza dereva nitamlipaje. Akasema nikifika huko milimani nimpigie picha nikiwa juu ya hilo guta, akamwonyeshe mamake Kisumu.

Kiangazi kilipofika, mwenye duka la stesheni alinikumbuka. Safari hii alinipa baiskeli ya kawaida nizunguke uwanja mbele yake. Nikazunguka. Akaingia ndani akatoka na guta.

Baba na mimi tulimwinua Yumma tukamkalisha, tukafunga mkanda, tukamfunika miguu kwa blanketi. Alisoma dua ya kupanda chombo, kwa sauti, mpaka mwisho. Kwenye mapaja yake aliweka kikapu chenye chupa yake ya gahwa, vikombe vidogo visivyo na mkono, na kopo la tende, kwa sababu hakuwahi kwenda mahali bila hivyo. Baba alitembea nasi hadi kwenye kona ya kwanza, akiwa ameshika ubavu wa guta, kisha mama yake akamwambia arudi.

Guta lilinishangaza. Baiskeli ya magurudumu mawili ukigeuka unalala nayo. Guta halilali. Kona ya kwanza mwili wangu uliinama kushoto, chombo chenyewe kikataka kwenda kulia, nikashika breki ghafla.

"Kuna nini?" Yumma aliuliza.

"Najifunza tena."

"Jifunze polepole."

Nilijifunza polepole. Baada ya kilomita kama mbili mikono ilikuwa imeelewa. Tukapita ng'ombe wetu, tukapita daraja la chuma, magurudumu yakinguruma juu ya mbao, na handaki likatumeza. Ndani kulikuwa na taa ndogo ndogo ukutani, maji yakidondoka, na baridi ya kama ndani ya mtungi. Yumma alitoa mkono akagusa jiwe lililochongwa.

"Watu walichimba hili kwa mikono yao," alisema. "Mungu awarehemu."

Upande wa pili kulikuwa na bonde jingine, pana kuliko la kwetu, mashamba ya majani yaliyokatwa yakipanda hadi msituni, nyumba za mbao zenye maua madirishani, na juu kabisa mawe meupe ambayo Baba baadaye alisema ni barafu. Njia iliufuata mlima bila haraka. Sikuhitaji nguvu nyingi. Nilikuwa naona kitambaa cheusi cha kichwa cha Yumma mbele yangu, kikigeuka kulia na kushoto bila kupumzika.

Tuliposimama kando ya bustani ya kabichi, aliniuliza kama kwetu kunafanana na pale.

Miaka yote hakuwa ameniuliza. Alijua nina mama, nina dada, alijua majina yao na aliwaombea, lakini mahali penyewe alikuwa hajapauliza, nadhani kwa sababu alifikiri kote tunakotoka ni joto tu. Nikamweleza ukungu wa Lushoto, unaoingia hadi ndani ya nyumba asubuhi. Nikamweleza mapeasi, na mama yangu anavyopanda karoti kwenye kingo za matuta ili udongo usishuke na mvua. Nikamweleza kwamba tukiwa watoto, kabla ya kwenda shule tuliota moto wa mabua kwanza ili vidole viweze kushika penseli.

"Umetoka mahali kama hapa," alisema, "ukaja kwangu kwenye joto lile, na hukuwahi kulalamika."

"Nililalamika, Yumma. Kwa Kiswahili."

Akacheka. Kisha akanyoosha mkono nyuma, akapapasa hadi akapata mkono wangu juu ya usukani, akaushika.

Mawingu yalikuja tukiwa tunarudi. Yalitoka nyuma ya mlima kwa kasi, radi ikapasuka, na mara mvua ya mawe ikaanza, punje kama za njugu mawe, ikiruka juu ya lami. Nilivua koti langu nikamfunika Yumma kichwa, nikakanyaga kwa nguvu zote nilizokuwa nazo mpaka mdomo wa handaki. Wengine walikuwa wamefika kabla yetu: mzee mmoja na mkewe waliovaa makoti ya mvua ya njano, vijana waliokuwa wanacheka huku wanatetemeka, na mwanamke mmoja aliyebeba mbwa mdogo kwenye kikapu cha baiskeli. Wote walisogea kutupa mahali pakavu. Yule mke wa mzee alitoa taulo akanipa nimfute Yumma mikono.

Yumma alitazama watu wale waliosimama kwenye giza, nywele zikichuruzika. Akafungua kikapu chake.

"Suuza vikombe," akaniambia.

Na hapo ndani ya handaki la reli, mvua ya mawe ikipiga nje, akaanza kuwamiminia gahwa. Ilikuwa bado ya moto. Harufu ya iliki ikasambaa handakini kote. Alianza na mzee, akampa na tende. Mzee akanywa funda lile dogo, akashukuru, akanyoosha kikombe kumrudishia. Sasa, kwa Waarabu wa Ghuba, ukinyoosha kikombe bila kukitikisa maana yake unataka kingine. Yumma akamjazia. Mzee akanywa kwa adabu, akanyoosha tena. Akajaziwa tena. Mkewe alianza kumtazama.

"Huyu maskini ana kiu," Yumma aliniambia kwa Kiarabu.

Ikabidi niingilie. Nilichukua kikombe, nikawaonyesha: ukitosheka, unakitikisa hivi. Mzee akakitikisa kwa nguvu kama mtu anayepiga kengele, na handaki zima likacheka. Baada ya hapo kila mmoja alitaka anywe ili atikise. Yule mwenye mbwa, Yumma alimwomba kwa ishara amweke mnyama mbali, kisha akampa tende mbili badala ya moja, asije akadhani amechukiwa.

Tulikuwa katika hali hiyo Baba alipotokea. Alikuja kwa miguu kutoka upande wa kijijini, maana gari haliruhusiwi kwenye njia ile, ameloa hadi soksi, simu mkononi isiyo na mtandao. Alisimama. Mimi nikasimama wima kando ya guta nikiwa sina koti, na nikawaza kwamba labda kazi yangu imeishia hapo. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mama yake.

"Yumma," alisema.

"Kaa. Watu wanakunywa gahwa."

Mzee wa koti la njano alisogeza begi lake. Baba akakaa juu ya jiwe pembeni ya guta. Mama yake akammiminia. Akanywa, akanyoosha kikombe, akanywa tena, na mara ya tatu niliona amekishika kikombe kwa mikono yote miwili. Yumma naye aliona.

"Unasikia baridi?"

"Hapana," Baba alisema. "Niliogopa."

Yumma alinyoosha mkono. Alimwekea kiganja kwenye nywele zake zilizoloa, akakiacha hapo, mbele ya wageni wale wote, mpaka mvua ilipopungua.

Tulirudi watatu, mimi nikiendesha polepole, Baba akitembea kando. Lami ilikuwa imetapakaa punje za barafu zinazoyeyuka, na mlima umejaa moshi wa mvua. Karibu na nyumba akanigeukia kwa mara ya kwanza. Nilijiandaa.

"Kesho mnaondoka saa ngapi?" aliuliza.

Kesho yake alikodi baiskeli ya kwake. Katikati ya daraja simu ililia. Aliitoa mfukoni, akaitazama, akaizima. Yumma aligeuza uso upande wa mto ili mwanawe asione anavyotabasamu, lakini mimi nilikuwa nyuma na niliona shavu.

Tulikwenda viangazi vitatu zaidi, kila mara tukifika mbali kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Kuna stesheni moja iliyogeuzwa kuwa mgahawa ambako walituzoea, wakawa wanamwekea Yumma meza ya dirishani na supu isiyo na nguruwe bila kuulizwa. Picha nilimpelekea dereva, zaidi ya moja. Mamake Kisumu alituma salamu na kuuliza yule mama mzungu ni nani.

Baba aliagiza guta kama lile likaja Doha. Miezi ya baridi dereva alilipakia kwenye gari kubwa akatupeleka The Pearl, kisiwa kilichojengwa baharini pale Doha, ambako njia ya kando ya maji imenyooka na ni laini. Siku ya kwanza mlinzi, dada Mganda mwenye sare iliyopigwa pasi, alitusimamisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba baiskeli haziruhusiwi pale.

Nikamtafsiria Yumma.

"Mwambie hiki ni kiti cha mgonjwa," Yumma alisema. "Kimekua tu."

Dada yule alipiga redio kwa mkubwa wake, akaongea, akasubiri, akatutazama, akaongea tena. Mwishowe alituruhusu tupite, mradi tuende mwendo wa mtu anayetembea. Tangu siku hiyo alikuwa akituona anatuamkia, na Yumma hakumpita bila kumpa tende. Watu waliomjua Yumma zamani walianza kukutana naye pale, wakimsalimia wakiwa wamesimama kando ya guta, na wageni wa alasiri wakarudi Muaither mmoja mmoja. Mapazia nilikuwa nayafungua asubuhi bila kuuliza.

Alifariki nyumbani, kitandani kwake, baada ya kuugua kifua kwa muda mfupi, katika miezi ambayo Doha ni nzuri. Nilikuwa nimemshika mkono upande mmoja na Baba upande wa pili. Siku za matanga Baba aliwaambia dada zake, mbele yangu, kwamba mimi ndiye niliyemrudishia mama yao. Sikujua nitazame wapi. Ukweli ni kwamba yeye Yumma alinipa zaidi. Alinipa lugha, akanipa Ijumaa zake, akanifanya mtu mzima mwenye magoti yenye makovu ya kitoto. Namwombea kila swala.

Familia ilitaka nibaki, na nilibaki muda fulani nikiwasaidia na wajukuu. Kisha mama yangu akaanza kudhoofika, nami nikarudi Lushoto.

Huku juu kwetu baiskeli bado ni taabu, kila mahali ni kupanda au kushuka. Lakini chini, Mombo, pamepita reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi, na niliporudi ilikuwa na miaka mingi treni haijaonekana. Nyasi zilikuwa zimemea kati ya mataruma, na kando yake watu walikuwa wamejitengenezea njia ya udongo mgumu, tambarare. Nilinunua baiskeli ya mtumba. Siku za soko nilikuwa nateremka na gari, naichukua kwa dada yangu hapo Mombo, naendesha kuelekea Mazinde, mkonge upande mmoja na Usambara upande wa kulia, nikipishana na wanawake wenye ndoo na wanafunzi. Mwanzoni walinishangaa, mama mzima na hijabu yake juu ya baiskeli. Baadaye wakawa wananipungia.

Baadaye mafundi wa reli walikuja. Walifyeka nyasi, wakabadilisha mataruma yaliyooza, wakaimarisha madaraja. Watu wa Mombo walibishana kama treni itapita kweli au la. Asubuhi moja nikiwa njiani, ardhi ikaanza kutikisika chini ya magurudumu, na honi ikalia mbali, nyuma yangu. Nilishuka, nikaisogeza baiskeli mpaka kwenye mkonge. Ilikuwa treni ya mizigo, ndefu, ikienda taratibu, na dereva wake alikuwa ametoa kiwiko dirishani. Aliniona, akapiga honi tena, fupi. Nikainua mkono. Mabehewa yalipita moja baada ya jingine, na upepo wake ukanipeperusha hijabu, nami nikabaki pale nimeshika usukani, nikicheka peke yangu, mpaka behewa la mwisho likapotea nyuma ya mlima.